Kidonge cha Mama Lugano

"Dawa haisifiwi kiganjani, husifiwa tumboni."

Ndivyo Fundi Ambakisye alivyokujibu jana, Tusekile, ukanuna. Usikatae, nilikuona. Ulishika kidonge ukakigeuzageuza, ukasema, "Jamani, kizuri hiki, kinang'aa kama shanga!" Mzee wa watu akakurushia usemi huo, akaenda zake. Leo umekuja na wenzako wawili, wote wageni hapa maabara, mnataka kujua kautoa wapi. Hakuusoma popote. Tuliupata kwa aibu, yeye na mimi, na hadi leo namshukuru Mungu kwa aibu ile. Wekeni vikombe chini niwaambie ulikotokea.

Enzi hizo kiwanda chetu kilikuwa na miaka mitatu tu. Tulitengeneza dawa chache, na mojawapo ilikuwa hii ya kifafa. Hapa Nyanda za Juu watu walizoea vidonge vya kutoka nje, na vilikuwa ghali. Vyetu viliuzwa robo ya bei. Lakini tulikuwa na tatizo moja la kututia haya: vilikuwa vinavunjika. Tulivimwaga elfu elfu kwenye makopo makubwa, makopo yakapakiwa kwenye lori kwenda Makete na Ludewa, na barabara za huko mnazijua. Kopo likifunguliwa zahanati, nusu ni vidonge, nusu ni unga. Wauguzi wakatubandika jina: kiwanda cha sembe.

Fundi Ambakisye ndiye aliyekuwa anaendesha mashine ya kushindilia vidonge. Alikuwa kijana, ana mikono ya dhahabu na kiburi cha kumtosha mtu wa pili. Jina lile la sembe lilimkosesha raha. Siku moja akaikaza mashine, akaikaza tena, hadi vikatoka vidonge vigumu, laini, vinang'aa. Akaita kiwanda kizima. Akapanda juu ya kiti, akaangusha kidonge kwenye sakafu ya saruji. Kikaruka, kikadunda, kikatulia kizima. Tulipiga makofi, nyie! Meneja wetu, Bwana Kihwele, akavaa tabasamu wiki nzima. Tangu hapo ikawa desturi: mgeni akija, anapewa kidonge akiangushe mwenyewe.

Sasa sikieni kosa langu, maana la Ambakisye mmeshalisikia. Kazi yangu ilikuwa hii hii mnayojifunza. Kila toleo la dawa, unachukua vidonge sita, unaviweka kwenye maji yenye joto la mwili, unaangalia kama vitasambaratika ndani ya robo saa. Visiposambaratika, dawa haitoki ndani ya kidonge. Mimi nilikuwa nimevipima vya zamani vikafaulu vizuri. Hivi vigumu sikuvipima. Nilijiambia, dawa ni ile ile, vipimo vya unga ni vile vile, kilichobadilika ni kukaza tu. Nikaweka sahihi. Subilaga mimi, mwenye cheti ukutani!

Ikapita kama miezi miwili. Asubuhi moja mlinzi akapiga simu kutoka getini: kuna mama ametoka Makete, amekataa kuondoka, anataka waliotengeneza dawa. Bwana Kihwele akasema aingie, tena akafurahi, akidhani amekuja kushukuru. Tukakutana ofisini kwake, yeye, Ambakisye na mimi.

Aliingia mwanamke mwembamba, ana kitenge kilichofuliwa hadi kikapauka, na viatu ameviacha mlangoni. Akapiga goti kidogo, akatusalimia kila mmoja kwa zamu yake. Akasema anaitwa Mama Lugano. Kisha akafungua kifundo cha kitenge, akatoa kidonge kimoja, akamkabidhi Ambakisye.

"Baba, hiki ni cha kwenu?"

Ambakisye akakitazama. Mstari katikati upo, herufi za kiwanda zipo. Uso wake ukachanua. Akakigonga mezani, ko, ko, ko.

"Ni chetu, mama! Umekitunza vizuri. Unaona? Sijui umekaa nacho muda gani, lakini hakina hata ufa. Meneja, shika uone."

Bwana Kihwele akakishika, akakibonyeza kwa ukucha, akatikisa kichwa kwa furaha. "Kigumu kweli kweli. Hata vya nje havifikii hapa."

Mama Lugano akawaacha wamalize kusifu. Ndipo akasema, taratibu kabisa, "Hicho kimetoka kwenye poti ya mwanangu. Nilimmezesha juzi jioni, jana asubuhi nikakikuta. Nimekiosha kwa sabuni, msiogope."

Meneja akakiachia kama kaa la moto.

"Lugano ana miaka minne," akaendelea. "Vidonge vyenu vya mwanzo, hata vikivunjika, vilikuwa vinamsaidia. Alikaa mwezi mzima bila kuanguka. Hivi vipya vilipokuja akaanza kuanguka tena. Nikasema labda nasahau kumpa. Sikusahau. Majirani wakaniambia ugonjwa huu si wa hospitali, nimpeleke kwa mganga. Wiki iliyopita ameanguka kwenye jiko, mkono umeungua hadi hapa." Akajishika kiwiko. "Ndipo nikaanza kuangalia poti. Siku tatu mfululizo, vidonge vitatu, vizima."

Ambakisye akajitetea, maskini. "Lakini mama, hiki ni imara. Kila aliyekishika amekisifu."

"Mwanangu hakukishika, baba, alikimeza. Mimi dawa siisifu kiganjani. Nitaisifu ikifanya kazi tumboni."

Nikaenda maabara nikachukua bilauri ya maji ya uvuguvugu na kidonge kutoka kopo jipya, nikakitumbukiza mbele yao. Tukakaa kukitazama. Robo saa ikapita. Nusu saa. Saa nzima, kidonge kimekaa chini ya bilauri, herufi zetu zinasomeka vilevile. Ambakisye akainamisha kichwa mezani, akalia.

Nikasema, "Meneja, sahihi kwenye karatasi ni yangu. Sikupima." Nilijua naweza kufukuzwa siku hiyo hiyo. Sikuwa namwaza meneja, nilikuwa nawaza mkono wa yule mtoto.

Bwana Kihwele akashika kichwa. "Tukirudisha mzigo wote, watu watajua. Watatufungia."

Mama Lugano akaruka kutoka kwenye kiti. "Msifunge! Mkifunga, vya nje nitavinunua kwa pesa gani? Ningetaka mfungwe ningekwenda polisi, ni karibu na kwetu. Nimepanda magari mawili kuja kuwaambia, kwa sababu wenye kutengeneza ni nyinyi. Tengenezeni."

Nyie vijana, mimi nina mama mzazi, ananipenda, lakini sijawahi kutendewa wema kama ule. Mtu uliyemuumizia mtoto anakuja kukupa nafasi ya pili.

Bwana Kihwele akakubali: siku ile ile akawaarifu wenye mamlaka ya dawa, na malori yakatoka kukusanya kila kopo. Lugano akapelekwa hospitali ya wilaya kwa gari la kiwanda, akatibiwa mkono na kupewa dawa ya nje hadi yetu ipone. Sikufukuzwa, nilikatwa mshahara, na nilistahili. Ambakisye akailegeza mashine, tukaongeza ule wanga unaovimba ukiguswa na maji, na ili visivunjike njiani tukaacha makopo, tukavifunga kumi kumi kwenye karatasi yake, kila kimoja na kitanda chake. Tulipima hadi macho yakauma. Miezi mitano!

Mwaka uliofuata Mama Lugano alikuja mwenyewe, hakuitwa, na gunia dogo la viazi vya Makete. Kiwanda kizima kikatoka nje kumpokea. Ambakisye alikuwa na pakiti mpya mkononi, alishaitoa mfukoni, nikajua sasa ataanza: ona kinavyong'aa, ona tulivyokifunga. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akairudisha pakiti mfukoni.

"Mama," akasema, "Lugano anaendeleaje?"

Yule mama akamtazama, machozi yakimlengalenga. "Miezi saba hajaanguka. Nimemwacha anacheza mpira. Asanteni, wanangu. Leo nimekuja kuisifu."

Mimi nililia mbele za watu bila haya, na ni yeye tuliyepaswa kumpigia magoti, siyo yeye kutushukuru sisi. Ndiyo hivyo, Tusekile. Mzee hakukutukana. Dawa haisifiwi kiganjani, husifiwa tumboni.