Nani Akae kwenye Winchi?

Sogeeni karibu, na mwenye moyo mwepesi amshike jirani yake mkono, maana hadithi hii hata mimi mwenyewe inanitisha.

Walikuwapo watatu kwenye machimbo ya dhahabu. Limi, mwendesha winchi, alijaliwa msimamo: akisema hapana, ni hapana. Nkwabi, fundi umeme, alijaliwa macho. Mhoja, mpakia mawe, alijaliwa nguvu, na kula pia, tusifiche.

Siku hiyo winchi ilikuwa inampandisha Ngassa, mchimbaji mwenzao, kutoka shimoni. Katikati ya safari mota ikazima. Inveta, lile sanduku linaloiendesha mota, ikawasha taa nyekundu. Limi akabonyeza kitufe cha kuriseti, yaani cha kuiwasha upya. Breki ikaachia, mota ikashtuka na kuzima tena, na ndoo aliyopanda Ngassa ikaporomoka kabla breki haijashika. Yowe lililotoka mle gizani lilitukata maini.

Watu wakamsonga Limi: riseti tena, si ndivyo tunavyofanya siku zote? Msimamizi naye akafoka. Limi akachomoa ufunguo wa winchi na kuukumbatia kifuani. "Nikibonyeza tena, namuua," alisema.

Mhoja akaona breki yenyewe inateleza, ndoo inashuka kidogo kidogo. Akaurukia mkono wa breki, akaubana kwa uzito wake wote. Viganja vikachunika, hakuachia. Alilia waziwazi, jitu zima lile.

Nkwabi akakata umeme, kisha akangoja uishe ndani ya sanduku, maana inveta hata ikizimwa inaweza kuua. Kungoja kule, huku Ngassa anamwita mama yake, sikuombei. Ndipo akaufuata waya wa mota kwa macho mpaka akapaona palipochubuka na kugusa chuma. Akaunga, akafunga tepu, akarudisha umeme. Limi akarudisha ufunguo, akariseti, taa nyekundu ikazimika. Ngassa akatoka mzima, amejikojolea, na hakuna aliyecheka.

Sasa kesho yake Ngassa anashuka tena. Watoto hawali hofu. Msimamizi amesema juu atabaki mtu mmoja tu, wawili wanahamia shimo jingine. Achague Ngassa mwenyewe.

Limi anamwambia, "Bila mimi ungekuwa chini kabla hawa hawajanyoosha mkono." Mhoja anaonyesha viganja tu. Nkwabi anasema, "Wao walikushikilia. Mimi ndiye niliyekutoa."

Ngassa amesimama mdomoni mwa shimo. Kila akimfikiria mmoja, hofu inamkumbusha wawili atakaowakosa. Haya, wewe unayenisikiliza: ingekuwa ni roho yako inayoning'inia kwenye kamba ile, ungemwachia nani?