Kilichomleta Mbayuwayu Chini ya Paa la Mtu

Hapo kale mbayuwayu hakuwa ndege wa nyumbani. Alijenga kwenye majabali ya bahari, mbali na moshi wa watu. Mkitaka kujua kilichomleta barazani kwetu, hamna budi kwenda nami hadi Uingereza, anakokimbilia kila masika, enzi za makabaila na ngome za mawe.

Huko aliishi kabaila mmoja, Osbert wa Thornwick. Babu yake, Fulk, alivuka maji na upanga, mfalme akamgawia ardhi. Baba yake akajenga ngome. Osbert alikuta kila kitu kiko tayari. Lililobaki lilikuwa kuzaa wa kumwachia. Akaoa, akapata wana wawili. Mkubwa akafia vitani. Mdogo akachukuliwa na tauni, na mama yake akamfuata kabla kaburi la mwana halijaota nyasi.

Osbert akafunga madirisha ya ukumbi. Kwenye meza iliyowahi kulisha kaumu, akawa anakula peke yake, na akimega mkate mlio wake ulisikika hadi mlangoni. Maud, mpishi mzee aliyewalea wanawe, aliweka sahani, akasema, "Kula, bwana wangu," akaondoka. Siku nyingine hayo ndiyo maneno pekee aliyoyasikia Osbert tangu kucha hadi kuchwa.

Ukutani ilitundikwa ngao ya Fulk, imechorwa nguruwe mwitu mwekundu. Osbert alijua kwamba akifa itakwenda kwa binamu yake Drogo, ambaye hakuwahi kuja hata mazikoni.

Mwaka mmoja dhoruba za baridi ziliporomosha majabali. Mbayuwayu waliporudi wakakuta bahari imemeza makao yao. Wawili wakapenya palipooza ubao wa dirisha, wakatua juu ya ngao, wamelowa chepechepe. Maud akaja na ufagio.

"Waache," Osbert akasema. "Nao wamefiwa."

Wakajenga pale pale juu ya ngao, donge la tope baada ya donge. Makinda wakaanguliwa, ukumbi ukajaa kelele. Osbert akaanza kukawia mezani. Siku moja Maud alimsikia akiwatajia makinda majina ya wanawe, akarudi jikoni kimya kimya.

Kiangazi Drogo akaja kutazama atakachorithi. Akaona kinyesi kimemtiririkia nguruwe wa Fulk, akanyakua mkuki.

"Hii ni ngao ya babu yetu. Unaiacha inyewe na ndege?"

"Babu alikuja kwenye nchi ya wenyewe, akaiita yake," Osbert akajibu. "Hawa wametaka ukuta tu. Shusha mkuki."

Drogo akaushusha polepole. "Basi nitangoja. Ukifa, nitawatoa."

"Najua."

Kesho yake Osbert alishuka kijijini kwa miguu, jambo ambalo ukoo wake haukuwahi kulifanya. Akainama kwenye milango mifupi ya wakulima, nyumba hadi nyumba. Waliozoea kuamriwa naye wakashangaa kusikia anawaomba: mbayuwayu wakija, wawaache wajenge chini ya paa.

Mjane mmoja akamwuliza, "Nasi tutapata nini, bwana wangu?"

Osbert akafikiri kidogo. "Kelele asubuhi," akasema.

Mjane yule, aliyekuwa akiishi peke yake, akaitikia kwa kichwa.

Baridi ilipokaribia, ndege wakaondoka. Osbert alisimama uani hadi mbingu ikabaki tupu. Hakuwaona tena, alifariki kabla theluji haijayeyuka. Drogo akaisugua ngao, akayapigilia madirisha misumari. Mbayuwayu waliporudi wakaizunguka ngome, wakaizunguka tena, kisha wakateremkia kijijini, na kila paa likawa limeachiwa upenyo.

Na tangu siku hiyo mbayuwayu hujenga palipo na watu. Uzao wake ulitawanyika, na desturi hiyo ikasafiri nao hadi huku kwetu. Ukoo wa Osbert ulikatika, na ngome yake ni kifusi. Lakini mtu akishika ufagio abomoe kiota cha mbayuwayu, wenye umri humwuliza, "Umechoka kuishi na wenzio?"