Kikombe Juu ya Rafu

Wapendwa, palikuwa na mama mmoja wa Rungwe, mchuma chai. Ukungu ungali umelala juu ya mashamba, yeye alikuwa ameshajitwika kikapu mgongoni. Kazi yake aliijua. Jani la chai lina siku zake. Ukilipita raundi moja ya kuchuma linakuwa gumu, na kiwandani hawalipokei. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia mama huyu aliache jani lingoje.

Alikuwa na binti mmoja, Atupele, wa miaka miwili na nusu. Mtoto mzuri, mnene wa mashavu. Ila akiitwa hageuki. Yale maneno mawili matatu aliyokuwa nayo yalikuwa yamekwenda, na kutwa nzima alipanga vizibo vya soda kwenye mkeka, mstari mmoja, huku akiguna wimbo wake mmoja usio na maneno. Siku ya kliniki muuguzi alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamwandikia mama barua ya kwenda hospitali, kwa mwalimu wa watoto wenye usonji.

Mwalimu hakumtisha. Alimweleza kwamba hii si laana wala adhabu, ni namna mtoto alivyoumbwa, na kwamba mtoto wa umri huu hujifunza upesi akifundishwa hatua kwa hatua. Akampa zoezi la kwanza. Kikombe cha maji kikae juu ya rafu, mtoto anapokiona lakini hakifikii. Mama apige magoti, macho kwa macho, angoje dakika mbili tu. Mtoto akinyoosha mkono, au akimtazama, apewe papo hapo, kwa furaha, na aambiwe: maji. Akizidiwa na kilio, apewe vilevile. Asiachwe na kiu. Kesho tena. Kila siku, mara nyingi.

Ni kitu kidogo, sivyo? Kikombe na dakika mbili.

Siku tatu Atupele alilia tu. Siku ya nne, jikoni, kilio kilikatika katikati. Mkono ukapanda. Kisha macho yakaanza kuhama kutoka kwenye kikombe, taratibu, yakimtafuta mama yake, yakafika kwenye kidevu.

Hapo ndipo mama mkwe alipoingia. Akakishusha kikombe, akamnywesha mjukuu wake.

"Katika nyumba hii hata mgeni hajawahi kuomba maji," alisema. "Wewe unamnyima mwanao?"

"Mama, mwalimu alisema tungoje kidogo, aombe mwenyewe."

"Huyo mwalimu amezaa wangapi?"

Wewe ungemjibu nini mama mkwe wako? Na bibi yule hakuwa katili. Kwao, kumpenda mtu ni kumwekea maji mbele yake kabla hajakohoa. Jumapili akaja mzee wa kanisa, mtu mwema, akaketi, akanywa chai, akakumbusha kwamba baba yake Atupele naye alichelewa kusema, na leo nani anaweza kumnyamazisha? Wakacheka. Akaomba kwa kirefu, na alipoinuka alisema, "Subiri, mama. Atasema tu."

Akasubiri. Barua ya hospitali ilikaa ndani ya Biblia mpaka karatasi ikageuka rangi. Nyumba nzima ikajifunza kumsoma Atupele usoni. Maji yakaja kabla ya kiu, ndizi kabla ya njaa, na mtoto hakuhitaji kumwambia mtu yeyote kitu chochote. Hakuna aliyemchukia. Hapo ndipo ulipo uchungu wa habari hii.

Alipofika miaka tisa, asubuhi moja alianza kupiga kichwa ukutani. Mama akaleta maji. Mtoto akayamwaga. Mama akaleta ndizi, akaleta blanketi, akaleta vizibo. Kila alichokijua alikileta. Siku ya tatu usaha ukatoka sikioni, wakakimbilia hospitali, na daktari alipomaliza kuchungulia aliuliza, kwa upole kabisa, kwa nini mtoto hakusema kwamba sikio linamuuma.

Sikio lile halisikii tena.

Jumapili iliyofuata alimleta kanisani kushukuru kwa uhai wake, wakaketi benchi la nyuma. Atupele akaanza kuguna wimbo wake. Mtu mmoja akashuka kutoka mbele, akainama, akamnong'oneza mama: "Mtoto anasumbua ibada. Kaeni nje kidogo."

Mnamjua aliyenong'ona? Ni yule yule aliyesema subiri.

Msigeuze shingo kumtafuta, wapendwa. Mzee yule ni sisi. Mwalimu alimwomba mama angoje dakika mbili, kwa magoti. Sisi tukamwambia angoje karibu miaka saba, ameketi, na kungoja huko tukakuita imani. Na tulipochoka kungoja sisi wenyewe, tukamwonyesha mlango.

Mama amerudi kwa mwalimu. Hakuuliza kama mwanawe atapona. Aliuliza kama bado anaweza kujifunza.

"Anaweza," mwalimu alisema. "Tutaanza pale alipo. Ila njia sasa ni ndefu kuliko ile ya kwanza, sitakudanganya." Kisha akakipandisha kikombe juu ya rafu.

Asubuhi hii kati yetu kuna mama mwingine mwenye barua ndani ya Biblia. Simtaji. Anasubiri kusikia tutamwambia nini tukitoka hapo nje. Tusimwambie atasema tu. Twende naye hospitali. Na siku tukiingia jikoni kwake tukamkuta mtoto analia chini ya kikombe, mikono yetu tuifumbate. Tupige magoti kando ya mama yake, tungoje naye zile dakika mbili.