Vikapu vya Bi Mize

Kikapu chenye mtu si kitupu. Ndivyo alivyosema shangazi yenu leo asubuhi, pale Shaame alipokataa kwenda kumjulia hali babu yake mgonjwa kwa sababu hana hata chungwa la kumpelekea. Ninyi mkacheka, kwa kuwa hapakuwa na kikapu chochote pale. Kaeni basi. Neno hili lina kwao, na kwao ni hapa hapa Mzambaraoni.

Palikuwa na mwanamke akiitwa Bi Mize. Duka lake lilikuwa mwisho wa kijiji, nyumba ya mwisho kabla ya mashamba ya karafuu. Mume alikuwa amefariki, mtoto hakujaliwa, na dada yake Kazija, ambaye walisuka pamoja ukili wa vikapu tangu usichana wao, naye alikuwa amekwisha kuzikwa. Kilichobaki ni duka. Hakulipenda kwa sababu ya faida, maana faida haikuwepo. Alilipenda kwa sababu ya hodi. Mtu anayetaka chumvi lazima aseme neno, na siku asipokuja mtu wa chumvi, Bi Mize alilala bila kuisikia sauti yake mwenyewe.

Zamani watu walikuja na vikapu vyao, wakakaa barazani huku sukari ikipimwa, wakazungumza hata wakasahau walichotumwa. Ilipoingia mifuko ya plastiki, mazungumzo yakafupika. Mtu alinyoosha mkono, akapewa mfuko, akaondoka. Kesho yake mfuko ulikuwa mtaroni, au umenasa kwenye miiba, au umo tumboni mwa mbuzi.

Ndipo sheha akatangaza amri ya halmashauri. Muuza duka asimpe tena mteja mfuko wa plastiki. Kila duka liwe na chombo cha badala, cha kuuza au cha kuazima, kinachofaa kutumiwa tena na tena. Bwana afya angepita kukagua, na duka lisilo na chombo lingefungwa.

Wenye maduka ya njia panda walileta mifuko ya kitambaa kutoka mjini, wakaiuza. Bi Mize yeye alitazama juu. Kwenye misumari ya boriti vilining'inia vikapu alivyosuka na dada yake, vyenye kingo za zambarau, ambavyo hakuna aliyevitaka tangu plastiki ilipoingia. Akawaza kwamba akiviuza, mtu atakwenda navyo na habari imekwisha. Akiviazima, mtu hana budi kurudi. Basi akafagia baraza, akatandika mkeka, akaanza kuazima.

Vikapu vikaondoka, kimoja kimoja, na unga, na mchele, na mafuta ya taa. Hakikurudi hata kimoja.

Tena si vikapu tu. Waliovichukua nao walipotea. Walinunua chumvi njia panda, wakapita kwa nyuma, katikati ya minazi, wasionekane barazani kwake. Bi Mize alikaa kwenye mkeka wake akaona vichwa vyao vikipita mbali. Hakumfuata mtu, kwani kudai kikapu kwa jirani ni aibu ya anayedai. Alijiambia kwamba wamemchoka.

Sasa sikilizeni, maana ada hii ni yetu na ninyi mmeikuta. Chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Sahani iliyoleta futari hurudi na chochote, hata ndimu mbili. Na mwaka ule karafuu ilikataa kuzaa, muhogo ukaoza ardhini. Watu walikula unga wa Bi Mize, kikapu kikabaki kitupu, wakakitundika ukutani wakisubiri kupata cha kutia. Kesho ikawa keshokutwa. Na kikapu kilivyozidi kukaa, ndivyo aibu ilivyozidi kukua, hata ndimu mbili zikaonekana hazitoshi tena.

Bi Mize aliijua ada hiyo kuliko wote. Lakini aliyekaa peke yake muda mrefu hudhani kila mlango umefungwa kwa ajili yake.

Bwana afya alipofika alikuta kikapu kimoja tu, cha mwisho ambacho hakijaazimwa. Akauliza, kwa adabu, mteja wa pili atatilia wapi mchele. Bi Mize akatazama misumari. Akaambiwa kwamba Jumatatu ikikuta misumari mitupu, duka litafungwa. Akaitika, "Haya." Siku ile hakufagia baraza.

Habari ilifika mferejini, wanakoteka maji, na hapo alikuwepo Raya, mke wa mchuma karafuu, aliyekuwa na kikapu kimoja cha Bi Mize. Alirudi nyumbani akapekua kila chungu. Hakupata kitu. Akakichukua hivyo hivyo, akatoka, akaipita nyumba ya Bi Mize kama anayekwenda shamba, akageuka, akabisha hodi.

"Karibu," Bi Mize akasema, bila kuinuka.

"Nimekuletea kikapu chako."

"Kiweke hapo."

Raya hakukiweka. "Nimesubiri muhogo, umeoza. Nimesubiri karafuu, umeziona mwenyewe. Kuku ninaye mmoja, hatagi, anakula tu kama shemeji. Nimekuja nacho kitupu, Bi Mize. Nisamehe."

Bi Mize akamtazama. "Ndiyo maana hukuja?"

"Ningekuja na uso gani?"

"Na huo huo. Na wenzako?"

"Sote. Kila nyumba ina kikapu chako ukutani. Tukikipita tunageuza macho."

Bi Mize alikipokea, akakishika kwa mikono miwili. "Ndimu zangu zinaanguka uani zinaoza," akasema. "Nani alikwambia nataka ndimu? Humu umo wewe, mwanangu. Kikapu chenye mtu si kitupu. Kaa kitako."

Raya akakaa hadi alasiri. Alipoondoka alipita mlango kwa mlango na neno lile, na Jumatatu bwana afya alilazimika kuomba njia barazani, kwa wingi wa watu na vikapu.

Msumari mmoja tu ulibaki mtupu. Kikapu chake kilikuwa kwa Mzee Makame, aliyeishi peke yake upande wa pili wa kijiji. Alifariki Jumapili, kabla neno la Raya halijafika kwake. Waliokwenda kumwosha walikikuta ukutani, kimepanguswa vumbi, na ndani mna ndimu moja iliyokauka. Alikuwa anangoja ya pili.

Walimpelekea Bi Mize kikapu kile. Akaitazama ile ndimu, kisha akatazama njia ambayo Mzee Makame angeijia. Hakukitundika. Alikiweka juu ya mkeka barazani, mahali pa mtu kukaa, na kila aliyekuja alikaa kando yake.

Shaame, viatu vyako viko mlangoni. Chungwa utampelekea siku nyingine, ikiwa ipo. Kikapu chenye mtu si kitupu.