Mwanakondoo wa Bibi Tusekile

Sogeeni karibu. Nina kesi ya watoto watatu wa shule moja kule Rungwe, kwenye baridi na migomba, na mpaka leo imenishinda kuiamua.

Wa kwanza ni Sekela wa darasa la pili, mtoto asiyeweza kula huku mwenzake anamtazama. Wa pili ni Gwamaka wa darasa la tano, asiyesema mengi, lakini akiona kazi anaiingia. Wa tatu ni Atupele wa darasa la saba. Huyo akianza kuzungumza, hata wakubwa hunyamaza.

Mwezi wa saba, Sekela alipita kwa Bibi Tusekile, mjane aliyeishi peke yake jirani na shule. Alimkuta amelala sakafuni. Alikuwa ameteleza, mguu umevimba, na hakuwa na mtu wa kumwinjikia hata maji. Bibi alimsihi asimwambie mtu, maana aliona aibu. Basi kila siku uji wa shule ulipogawiwa, Sekela alikunywa nusu na nusu akampelekea. Nyumbani kwao walikula jioni tu, hivyo alishinda na njaa.

Gwamaka alimwona akitoka na kikombe, akamfuata. Alimkuta Bibi anatetemeka chini ya kanga. Alirudi jioni na mzigo wa kuni, akawasha moto, akamfunika kwa blanketi lake, na hakuwa na jingine. Tangu hapo alilala amejikunja karibu na mafiga ya mama yake, mpaka kifua kikaanza kumbana.

Mguu ulipozidi kuvimba, Gwamaka alimweleza Atupele. Hapo palikuwa na ugumu. Baba yake Atupele, Mzee Mwaijande, alikuwa na ugomvi na Bibi juu ya mpaka wa shamba, na alikuwa amekataza mtu yeyote wa nyumba yake kukanyaga kwa Bibi. Majirani nao walikaa mbali wakiogopa kuingilia.

Atupele aliomba ruhusa ya mwalimu mkuu, akasimama mbele ya wenzake mstarini na kusema wazi kwamba Bibi anakufa ng'ambo ya uzio wa shule. Kesho yake watoto walileta maharage, ndizi na sabuni. Kisha akaenda kumkabili baba yake. Mzee alifoka, akatishia kumwachisha shule. Atupele alilia, lakini hakuondoka.

"Baba," alisema, "mpaka utabaki palepale. Yeye hatabaki."

Alfajiri Mzee Mwaijande mwenyewe alishika machela pamoja na majirani, wakampeleka Bibi zahanati. Mganga aliwaambia kwamba bila kile chakula asingekuwa na nguvu, bila ule moto mapafu yangeshindwa, na wangechelewa kidogo tu, mguu ungemuua.

Bibi alipona. Yeye na Mzee Mwaijande walikaa wakayamaliza ya mpaka. Shule ikatenga Ijumaa kuwa siku ya kutoa: mwenye kiazi alete kiazi, asiye nacho achote maji. Wazee na wagonjwa wakaanza kutembelewa, na hata kwa kina Sekela sufuria ikawa inainjikwa mchana.

Ndipo Bibi akaja shuleni akivuta mwanakondoo jike.

"Ninaye huyu tu," alimwambia mwalimu mkuu. "Sitaki achinjwe wala auzwe mkagawana. Awe na mwenyewe, azae. Mpe mtoto aliyenirudishia uhai."

Wazazi wakaanza kubishana. Mama Sekela alisema binti yake ndiye aliyeanza, tena alitoa akiwa na njaa. Mama Gwamaka alisema mwanawe angeweza kufa kwa kifua. Mzee Mwaijande alisema taratibu kwamba bila Atupele, yeye asingeinuka kitandani.

Mwalimu akawauliza watoto wenyewe. Sekela akasema apewe Gwamaka, kwa kuwa bado anakohoa. Gwamaka akamnyooshea Atupele kidole. Atupele akasema ni wa Sekela, kwa kuwa ndiye mdogo na hakuambiwa na mtu.

Mwalimu alibaki ameshika kamba, hajui aielekeze wapi.

Haya, ninyi mlionisikiliza, mkubwa kwa mdogo: kama kamba ile ingekuwa mkononi mwako, ungemkabidhi nani?