Cheti cha Nakijwa

Hapo zamani, cheti cha kuzaliwa kililipiwa na cheti cha kifo kililipiwa, na aliyechelewa kuandikisha mtoto alitozwa ada ya kumeza mbuzi mzima. Ninyi mnaolalamikia foleni, tulieni mnisikilize.

Huko milimani aliishi Namkunda. Alizaa mtoto, akalipia cheti. Mtoto akafa, akalipia cheti. Akazaa wa pili, akalipia, akamzika, akalipia. Alipojifungua wa tatu, binti, alimwambia mkunga wake, Bibi Nakiete: "Huyu hapelekwi kwa karani. Wale wawili niliwaandikisha mwenyewe, ni kama nilikionyesha kifo mlango."

"Basi muuze," akasema Bibi Nakiete.

Ndivyo walivyofanya huko wakati ule kwa mama aliyefiwa mara kwa mara. Mtoto alipitishwa dirishani, jirani akamnunua kwa kibaba cha ulezi, na tangu hapo mama mzazi hakuthubutu kumwita mwanangu, ili kifo kikipita kikute nyumba tupu. Kama unacheka, hujazika.

Mnunuzi alikuwa Mama Sengondo, jirani mwenye wavulana watupu. Namkunda akawa shangazi. Alikwenda kunyonyesha uani kwa jirani, akamaliza, akamkabidhi mtoto, akarudi kwake mikono mitupu. Homa ilipokuja, aliyekesha ni Mama Sengondo. Mtoto, Nakijwa, akakua, akasoma, akachaguliwa chuo cha uuguzi. Chuo kikataka cheti cha kuzaliwa kabla ya Jumatatu, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Namkunda hakuwa na ile ada ya kuchelewa kuandikisha. Mama Sengondo hakuwa nayo. Bibi Nakiete alikuwa na mbuzi mmoja wa maziwa, ndiye aliyekuwa akimtunza uzeeni. Akamfungua kamba, akamuuza kwa mchinjaji. Wakateremka wote watatu hadi mjini kwa karani.

"Jina la mama?" karani akauliza.

Mama Sengondo angesema "mimi," nani angebisha? Kijiji kizima kilimwita Mama Nakijwa. Akasema, "Namkunda."

Namkunda akamshika mkono. "Dada, nyamaza. Ukinitaja umenirudishia, na akirudi kwangu anakufa. Bwana karani, mwandike huyu. Mimi shangazi tu."

"Siapi uongo juu ya kichwa cha mtoto," Mama Sengondo akasema.

Karani akaweka kalamu chini. "Miaka yote naona watu wakigombania watoto hapa. Ninyi mnasukumiana." Akamgeukia mkunga. "Bibi, wewe uliyempokea, unashuhudia nini?"

"Nashuhudia kwamba mbuzi wangu sasa hivi yuko kwenye sufuria ya mtu. Andika Namkunda, asiwe amekufa bure."

Karani akaandika, akagonga muhuri. Namkunda alikipokea cheti kwa vidole viwili, kama anayeshika kaa la moto. Kuanzia siku hiyo, kila mtu aliyetoka mjini alimwogopesha: huenda amebeba habari ya msiba. Lakini Nakijwa hakufa. Alisoma hadi akahitimu.

Chuoni pale, siku ya kuhitimu, mzazi mmoja huitwa mbele amvishe muuguzi kofia nyeupe. Mkuu wa chuo akaita, "Mzazi wa Nakijwa."

Hakuna aliyesimama.

"Dada, nenda," Namkunda akanong'ona. "Mimi nilimzaa tu. Kuzaa nilishazaa hata waliokufa. Wewe ndiye uliyemfanya akae."

"Cheti kinasema wewe," Mama Sengondo akajibu. "Miaka yote umemsikia akiniita mama mbele yako, hukutoa neno. Mimi nisingeweza. Simama."

"Sisimami."

Wote wawili wakamgeukia mkunga. "Basi nenda wewe, bibi. Bila mbuzi wako angefikaje hapa?"

"Mnisumbue na miguu hii?" akasema Bibi Nakiete, huku akiifunga kanga yake upya, vizuri, kama mtu anayetarajia kutazamwa.

Nakijwa amepiga magoti kule mbele, kichwa wazi. Kofia iko mikononi mwa mkuu wa chuo, na watu wameanza kugeuza shingo.

Sasa semeni ninyi. Na msinijibu kwamba waende wote watatu, maana kofia ni moja na mkuu amesema mzazi mmoja. Je, nani alistahili kusimama?