Pima Mbili za Ukuta wa Kaskazini

Mama mmoja alikuwa na pima mbili za ukuta. Si shamba, si kiwanja, si nyumba ya kupangisha. Ukuta. Jina lake Eunike Mdoe, mjane wa kijiji cha Kwemaiwe, na ukuta wenyewe ulikuwa wa kanisa la Mtakatifu Barnaba, upande wa kaskazini, kati ya mlango mdogo na dirisha la pili. Ungemwuliza ameupataje, angekuambia ameurithi kwa mama yake, na mama yake aliupata kwa bibi Salome, na Salome aliujenga.

Mnatabasamu. Kwemaiwe hakuna aliyetabasamu kwa jambo hilo, maana kanisa lile lilijengwa hivi. Padri wa kwanza, Mzungu mrefu mwenye kikohozi, alichora ramani ardhini kwa fimbo, akasimamisha vigingi, kisha homa ikamchukua kabla mawe hayajafika kimo cha goti. Waliobaki walikuwa wakulima wa kilimani pamoja na watu waliokombolewa utumwani, watu wasio na ukoo wala kaburi la babu katika nchi ile. Wangeweza kuacha. Hawakuacha. Waligawana ukuta kama watu wanavyogawana shamba la kupalilia: kila kaya pima mbili, na pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, ninyi hapa, sisi pale, kuanzia msingi hadi chini ya paa. Mawe waliyapandisha kutoka mtoni kwa vichwa. Chokaa waliichoma wenyewe, wakaizimua kwa maji, wakaifukia shimoni chini ya majani ya migomba mwaka mzima hadi ikawa laini kama samli.

Na walijenga, jamani! Ukuta una nyuso mbili za mawe, wa nje na wa ndani, katikati umejazwa kokoto na chokaa, mnene kiasi kwamba ukinyoosha mkono dirishani vidole havifiki nje. Madirisha ni membamba, yamechongoka juu, mwanga unaingia kwa adabu. Mbele ya madhabahu kuna tao la mawe lisilo na chuma hata kidogo, jiwe linamshika mwenzake tu. Boriti za paa ni za mvule, zimeunganishwa kwa vigingi vya mti. Ndani kuna bamba moja la shaba lenye jina moja, la yule padri aliyefariki. Majina ya kaya hayakuandikwa popote, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu kila mtu alijua pima zake.

Aliyejenga ndiye aliyetunza. Kila mwaka, masika yakiisha, wiki moja kabla ya sikukuu ya Barnaba, somo na msimamizi wa kanisa lao, kaya zote zilitoka na ndoo na brashi za katani. Walikwangua kuvu ya kijani, wakashindilia chokaa mpya kwenye viungio vya mawe, wakapaka ukuta mweupe nje na ndani. Kazi ya siku tatu, inakata mgongo na kuchubua mikono. Lakini ukuta wa chokaa ndivyo ulivyo: unakunywa mvua wakati wa masika, unaitoa jua linapowaka, na kila mwaka unataka mkono wa mtu.

Eunike alikuwa na jambo lake jingine pale. Kwenye kiungio kimoja, kimo cha kiuno, Salome alishindilia chokaa ikiwa mbichi, na alama za vidole vyake vinne zikabaki. Kaburi la Salome halipo. Lilichimbwa na katapila barabara ilipopanuliwa. Picha yake haikupigwa kamwe. Kilichobaki duniani cha mwanamke yule ni vile vidole vinne, na Eunike kila mwaka, kabla ya kuanza kazi, aliweka vidole vyake humo. Basi. Hicho ndicho alichokuwa nacho.

Akaja Hilari Kallaghe. Alikuwa mzaliwa wa hapo hapo, amestaafu kazi nzuri mjini, akarudi na gari na sauti. Wakamfanya mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wiki ya tatu tangu ashushe mizigo. Kanisa lilikuwa linakaribia kutimiza miaka mia, Askofu atakuja, wageni watakuja, na Bwana Hilari alipoyatazama yale mawe yanayoonekana chini ya chokaa akasema tunatia aibu, tunaonekana washamba. Akasimama baada ya misa akatangaza kwamba ukuta wote utapigwa lipu ya saruji, nje na ndani, utapakwa rangi ya mafuta inayong'aa, na kuzunguka msingi litamwagwa zege pasiote nyasi. Tena, akasema, na hapa alitabasamu kama mtu anayegawa sukari, kuanzia mwaka huu kila kaya imepumzishwa. Hakuna tena ndoo, hakuna tena brashi. Saruji haihitaji mtu.

Mnajua walifanya nini? Walipiga vigelegele! Watu ambao bibi zao walipandisha mawe yale kwa vichwa walipiga vigelegele kwa sababu wamepumzishwa. Karatasi ikapitishwa ili kila kaya iweke sahihi kuiachia kamati pima zake, nao wakaweka sahihi wakikimbilia chai. Padri Amosi aliona, akainama akafunga viatu vyake, viatu ambavyo havikuwa na kamba.

Eunike peke yake hakuweka sahihi. Hakutoa hotuba. Alisema pima zake atazipaka mwenyewe kama kawaida, ahsanteni.

Basi fundi Mbaruku, mtu wa mjini aliyekodiwa kwa kazi ile, akapiga lipu ukuta wote, akaruka pima mbili. Kanisa likawa linang'aa kama benki, na katikati ya ule mng'ao palikuwa na kipande cha mawe na chokaa. Wakakiita kiraka. Wakamwita na mwenyewe Mama Kiraka, kwanza kwa utani, halafu bila utani. Kwenye Umoja wa Akina Mama alikuwa mtunza vitambaa vya madhabahu kwa miaka kumi na tisa; wakampa mwingine, wakamwambia nawe upumzike. Akina mama aliowakalia matanga, aliowapokelea watoto kwa mikono yake, walipishana naye njiani wakitazama migomba. Alikwenda nyumbani akalia, na nasema wazi kwamba alilia, kwa sababu watu hupenda kufikiri kwamba mwenye msimamo haumii.

Masika yakaingia. Mvua ya Kwemaiwe si mchezo. Saruji ile ngumu ilikuwa imepata nyufa nyembamba kama nywele, na maji yakaingia humo. Yakapanda pia kutoka chini, kwa kuwa zege lilikuwa limeiziba ardhi kote na unyevu haukuwa na pa kupumulia isipokuwa ndani ya ukuta. Yaliingia kwenye moyo wa ukuta, kwenye ile kokoto na chokaa ya zamani, yakatafuta njia ya kutoka. Nje saruji. Ndani saruji na rangi ya mafuta. Yakatembea ndani ya ukuta, kulia na kushoto, yakitafuta, mpaka yakafika mahali pamoja palipokuwa wazi, nayo ni pima mbili za Eunike.

Ukuta wake ukaanza kutoa maji. Mwanzoni jasho, kisha michirizi, kisha madoa ya kahawia na chumvi nyeupe iliyochanua kama unga. Kila asubuhi Eunike alikuja na kitambaa akafuta, na kila jioni paliloa tena. Kuta za wengine zilikuwa kavu, safi, zinang'aa.

Loo, wakapata la kusema! Si tulisema? Tazameni ukuta mzuri wote ule, na tazameni cha Mama Kiraka kinavyovuja. Huo ndio ubishi, kanisa zima linachafuliwa na mtu mmoja. Hata wale waliokuwa wamemwonea huruma kimoyomoyo wakashusha pumzi, maana sasa walikuwa na sababu. Halmashauri ya kanisa ikakaa, ikaazimia kwamba pima zile mbili zipigwe lipu mara moja, kabla ya sikukuu, kwa usalama wa jengo. Ndivyo walivyoandika: kwa usalama wa jengo.

Jumamosi asubuhi fundi Mbaruku akaja na mwiko wake na karai la saruji. Bwana Hilari alikuwepo, Padri Amosi alikuwepo, na waumini kama thelathini waliokuja kufagia uwanja. Eunike alikuwa amesimama mbele ya ukuta wake, mgongo umegusa mawe. Watu walidhani atalala chini au atapiga kelele, wakasogea waone vizuri. Hakupiga kelele. Alimwomba fundi kitu kimoja tu: kabla hujaziba hapa, mwanangu, chukua tindo utoboe pale pembeni, kwenye lipu yao, tundu dogo tu la kidole.

Mwenyekiti akasema ni upuuzi. Lakini Mbaruku alikuwa fundi, na fundi akishaona ukuta mkavu ulioungana na ukuta ulioloa, mkono unamwasha. Akaweka tindo hatua mbili kutoka kwa Eunike, mahali panapong'aa kabisa, akapiga nyundo mara tatu. Saruji ikaachia kipande kama sahani. Nyuma yake maji yakatoka. Hayakudondoka, jamani, yalitoka kama bomba, meusi, yenye harufu ya shimo, yakateremka kwenye rangi mpya, yakamwagika kwenye zege, yakafika kwenye viatu vya Bwana Hilari. Mbaruku akaingiza kidole tunduni, akakitoa na chokaa iliyooza kama uji.

Eunike akasema, "Ukuta wangu hautoi maji yake. Unatoa maji yenu."

Waliona. Hilo ndilo linalonichoma moyo hadi leo, kwamba waliona! Hawakuambiwa, hawakuoteshwa. Waliyaona maji kwa macho yao na wengine yaliwalowesha miguu. Kama mmoja angesema, mmoja tu, kweli huyu mama amesema kweli, nadhani wengine wangefuata. Kila mtu alimtazama mwenzake aanze. Padri Amosi alifungua kinywa, halafu Bwana Hilari akamtazama, na Padri akasema tumshukuru Mungu kwa siku njema tuendelee na kazi. Mwenyekiti akaamuru tundu lizibwe, na pima mbili zizibwe. Mbaruku alisita. Akamwambia Eunike, "Nisamehe, mama," naye akaziba, kwa sababu alikuwa ametumwa.

Wakati saruji inafika kimo cha kiuno, Eunike aliingiza vidole vyake kwenye vile vidole vinne vya Salome. Fundi akangoja. Alipovitoa, mwiko ukapita.

Sikukuu ilikuwa nzuri. Askofu alisifu, kwaya iliimba, jiwe jeusi lenye majina tisa ya kamati ya ujenzi likafunuliwa pazia mlangoni, na ukuta wa kaskazini ulikuwa mkavu, laini, hauna doa hata moja. Watu walisema unaona sasa, tumepata amani. Eunike alikaa benchi la nyuma, naye aliimba, maana zaburi ni zake pia.

Masika yaliyofuata, siku ya Jumanne saa tano asubuhi, ukuta wa kaskazini ulianguka wote, kuanzia mlango mdogo hadi pembeni, ukashuka na boriti nne za mvule. Hapakuwa na mtu ndani, Mungu asifiwe. Waliofika wa kwanza wanasema mawe yalikuwa mazima. Mawe yale ya mtoni hayakuwa na ubaya wowote. Kilichokuwa katikati yao, kile kilichoyashikamanisha miaka mia, ndicho kilichokuwa kimegeuka tope.

Jumapili walisali nje chini ya turubai. Bwana Hilari akasoma taarifa ya kamati. Ilisema uchunguzi umebaini kwamba chanzo cha kuanguka ni ile sehemu ya pima mbili iliyoachwa muda mrefu bila lipu kutokana na ukaidi wa muumini mmoja, ikaruhusu unyevu kuingia. Akauliza kama kuna mwenye swali. Mbaruku hakuwepo kusema. Wale thelathini walikuwepo. Wakaitikia amina.

Eunike hakuitikia. Aliinuka na panga lake la shambani, akaenda kwenye kifusi, akachutama, akaanza kukwangua saruji kwenye mawe, jiwe moja moja, akiyapanga pembeni. Alama ya vidole vinne hakuipata. Chokaa ile ilikuwa imeyeyuka.

Sasa ninyi wazee wa kanisa mliokaa mbele yangu, na ninyi wakuu wa koo, na kila mwenye nyumba. Yuko mtu mmoja kwenu ambaye kila mkikutana analeta machozi, mnasema ndiye mkorofi, na wiki hii mmekaa kikao cha kumnyamazisha. Kabla hamjapiga lipu, semeni mbele ya Mungu: maji anayoyatoa ni ya nani?